Muulize Mchoraji: Kabati limekataa kuvua mninga

Barua tano za mwezi huu zimetoka miji mitano lakini zina ugonjwa mmoja. Mtu amechora kabati, nyumba au ukuta kwenye kompyuta, mteja kabadili mawazo, mbao iwe nyeupe, bati liwe la kijivu, na programu inabadilisha nusu na kuacha nusu. Nazijibu zote kwa pamoja. Nikisema materiali, nina maana ya kile ambacho uso wa kitu umevikwa kwenye mchoro: rangi yake, picha ya mbao au jiwe, na namna unavyong'aa. Nikisema teksicha, nina maana ya ile picha peke yake. Vijana ninaofanya nao kazi huita vyote viwili ngozi, na neno lao nimelipenda, kwa hiyo mtalikuta humu.

Shikamoo mama. Mimi ni fundi seremala hapa Keko, Dar es Salaam. Mdogo wangu alinifundisha SketchUp, ile programu ya kuchorea kwenye kompyuta, mwaka jana, na sasa wateja nawaonyesha kabati la jikoni kabla sijakata mbao. Juzi mteja kaona kabati la mninga, kalipenda, lakini akataka alione likiwa jeupe. Nikachukua ile ndoo ya rangi, nikachagua nyeupe, nikabofya kabati. Ukabadilika mgongo na rafu mbili tu. Milango yote imebaki mninga. Nimebofya mpaka nimechoka, na mteja kakaa pembeni yangu ananitazama. Nakosea wapi?
*Fundi seremala, Keko*

Marahaba, mwanangu. Mkono wako haujakosea, ila ngozi uliyoibadilisha siyo ile ambayo milango imeivaa.

Kabati lako ni kundi, na ndani yake kuna makundi mengine: milango, droo, rafu. Kwenye SketchUp materiali inaweza kukaa sehemu mbili. Inaweza kukaa juu ya uso wenyewe, yaani mtu kafungua kundi akapaka ubao mmoja mmoja. Au inaweza kukaa juu ya kundi zima, mtu kapaka kwa nje bila kulifungua. Uso ambao haujapakwa kitu huazima ngozi ya kundi lake. Uso wenye ngozi yake mwenyewe hauazimi. Milango yako ilipakwa mninga kwa ndani, na mgongo na zile rafu mbili hazikuguswa, ndiyo maana nyeupe ya nje imezipata hizo tu.

Fanya hivi. Fungua kabati kwa kubofya mara mbili, kisha fungua mlango mmoja vivyo hivyo. Bonyeza Ctrl na A ili kila kilichomo kishikwe. Kwenye kidirisha cha materiali kuna kiboksi chenye rangi mbili, nyeupe upande mmoja na kijivu cha kibluu upande wa pili. Hiyo ndiyo ngozi ya kuzaliwa, ya uso usiopakwa chochote. Ichukue, bofya popote kwenye mlango, na mninga utatoka. Kama milango ni komponenti moja uliyoinakili, yaani kundi ambalo nakala zake zote hubadilika pamoja, ukiuvua mmoja yote imevuliwa. Kama kila mlango ni kundi la peke yake, itabidi uipitie mmoja mmoja, na kama mlango wenyewe uliwahi kupakwa kwa nje, uvue na huko nje pia. Ukimaliza, toka mpaka kabati zima lishikike kama kitu kimoja, chukua nyeupe, bofya mara moja.

Usivue vitasa, wala kioo, wala kaunta ya graniti. Hivyo viache na ngozi zao za ndani ili ukipaka kabati vibaki vilivyo. Hapo utaona kwamba tabia hii iliyokutoa jasho mbele ya mteja ni msaada mkubwa ukiitumia kwa kukusudia. Kinachoweza kubadilika kipake kwa nje. Kisichobadilika kipake kwa ndani. Mimi kwa mteja wa aina ya wako huwa nanakili kabati mara tatu, nayapanga kwenye mstari mmoja, moja la mninga, moja jeupe, moja la kijivu, kila moja kwa mbofyo mmoja. Mteja anaonyesha kwa kidole, na sisi hatujagusa msumeno.

Sasa nikuambie la pili ambalo hukuliuliza, kwa sababu wewe unakata mbao kweli na litakuuma ukiliona. Nyuzi za mbao. Programu haijui kwamba mninga una nyuzi. Ukipaka fremu ya mlango, nyuzi zitakwenda upande mmoja kila mahali, kwenye miimo iliyosimama na kwenye vipande vinavyolala, na fremu nzima itaonekana kama imechongwa kutoka ubao mmoja mpana. Hakuna seremala wa Keko anayetengeneza mlango hivyo, na mteja anayejua mbao atahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukitaja.

Unaweza kuzungusha teksicha ya uso mmoja. Bofya uso kwa kitufe cha kulia, nenda kwenye Texture, kisha Position, utaona pini nne za rangi, na ya kijani ndiyo inayozungusha na kukuza. Lakini hilo linawezekana tu kwa uso wenye ngozi yake mwenyewe, siyo ulioazima. Ukianza kuzungusha uso kwa uso utakuwa umerudi kwenye shida yako ya kwanza. Njia ninayoipenda ni hii: chora kila kipande cha fremu kikiwa kimesimama, vyote, hata vile vitakavyolala. Kifanye komponenti kikiwa bado kimesimama. Halafu ndiyo ukizungushe na kukilaza mahali pake. Ngozi inayoazimwa hufuata mhimili wa komponenti, kwa hiyo kipande kikilala, nyuzi nazo zinalala pamoja nacho, kama inavyokuwa kwenye mbao halisi. Hapo mlango utakubali kubadilishwa kwa nje, mninga uwe mkongo, mkongo uwe mvule, na nyuzi zikabaki zimekwenda zinakotakiwa.

Habari za kazi mwalimu. Nyumba ninayoichora ina bati jekundu, na rangi hiyo hiyo nimeitumia kwenye geti na kwenye madirisha. Mwenye nyumba sasa anataka bati liwe kijivu, vingine vibaki. Nikienda kwenye Edit ya kidirisha cha materiali cha SketchUp nikabadili rangi, geti na madirisha navyo vinageuka kijivu. Nikibofya bati huku nimeshika Shift, upande mmoja unabadilika, upande mwingine haubadiliki. Njia sahihi ni ipi?
*Msomaji, Mwanza*

Salama, ndugu yangu. Hili swali nina deni nalo, na nitakueleza deni lenyewe.

Zamani kidogo nilichora nyumba ya mwalimu mstaafu, Kigamboni. Paa lilikuwa na pande mbili, na upande wa nyuma ulikuwa kundi la peke yake kwa sababu baraza la nyuma liliongezwa baadaye. Mzee alitaka bati jekundu, kisha akaja na binti yake wakasema hapana, kijivu cha mkaa. Nikafungua kundi la mbele, nikashika Shift, nikabofya. Kila kilichoonekana mbele yangu kikawa kijivu. Nikachapa karatasi zote. Mchoro wa mbele ulikuwa sawa, wa kushoto sawa, wa kulia sawa. Mchoro wa nyuma ulitoka na bati jekundu, nami sikuutazama vizuri kwa sababu nilikuwa na uhakika.

Fundi wa paa aliagiza bati kwa kufuata michoro, kama alivyotakiwa. Lori lilikuja na rangi mbili. Mzee alisimama getini, akaangalia bati zinavyoshushwa, akaniuliza kwa upole, "Binti yangu, kwani mimi niliomba mbili?" Bati zikishakatwa kwa kipimo chako duka halizirudishi. Nilizilipa mimi, kwa awamu tatu. Fedha ilinipita na nimeisahau, lakini ule upole wake bado ninao.

Basi tuanze na Shift. Ukishika Shift ukabofya uso, programu inabadilisha kila uso wenye ngozi ile ile, lakini katika kundi lile tu ulilolifungua. Kilichomo kwenye kundi la jirani hakiguswi. Ndiyo sababu upande wako mmoja ulibaki. Ni amri nzuri kwa chumba kimoja au kabati moja. Kwa nyumba nzima usiiamini.

Kwenye Edit ni kinyume chake. Pale hubadilishi uso, unabadilisha materiali yenyewe, na kila kinachoitumia popote kilipo kinafuata, kiwe wazi au kimefichwa ndani ya makundi matano. Hiyo ndiyo njia ya nyumba nzima. Geti lako limegeuka kwa sababu ulilipa materiali moja na bati. Rangi ilikuwa moja, ukaona materiali nayo iwe moja. Lakini bati na geti ni vitu viwili, vinanunuliwa maduka mawili na vitabadilishwa siku mbili tofauti.

Kwa hiyo ipe materiali jina la kazi yake, usiipe jina la sura yake. Usiite "Jekundu 03". Ita "Bati la paa", "Geti", "Fremu za dirisha", "Ukuta wa nje", "Ukuta wa ndani". Hata kama leo zote tatu za kwanza ni jekundu lile lile, ziwe tatu. Kwa mchoro wako ulioharibika tayari, chagua lile jekundu kwenye orodha ya In Model, yaani ya materiali zilizomo kwenye mchoro huu, bonyeza kitufe cha kuunda materiali mpya, itaanza kama nakala ya ile uliyoichagua. Iite "Geti", paka geti. Rudia kwa fremu. Zikishatoka, lile jekundu la mwanzo limebaki na bati peke yake. Libadilishe jina, kisha nenda Edit, weka kijivu. Pande zote za paa zitageuka kwa pamoja, hata za kibanda cha mlinzi ulichokisahau.

Ukitaka picha ya bati halisi badala ya rangi tupu, ni pale pale kwenye Edit: unabadilisha faili la teksicha na kuandika vipimo vyake. Hapo angalia migongo. Ni lazima ishuke na mteremko, kutoka kilele kwenda kwenye gata. Nimeona picha za nyumba nzuri kabisa zilizobandikwa barabarani, bati lake migongo imelala kwa ubavu, na mvua ikinyesha kwenye nyumba ile maji yatakaa juu ya paa kama kwenye jaruba la mpunga. Uso wa pembeni mwa paa ndio hukosewa zaidi, kwa sababu umegeukia upande mwingine.

Na sasa kipimo ambacho tangu siku ya lori silali bila kukifanya. Baada ya kubadilisha, nenda kwenye In Model, fungua menyu ndogo ya kidirisha, bonyeza Purge Unused. Programu itafagia materiali zote ambazo hakuna uso unaozitumia. Kama la zamani limefutika kwenye orodha, umemaliza. Kama bado limo, basi kuna uso mahali fulani umelivaa, na hutoki kwenye kiti mpaka umeupata. Mara nyingi linakuwa nyuma ya uso, kwa sababu kila uso una pande mbili na kila upande unaweza kupakwa. Hilo halitakuponza siku ya kuchapa, lakini litafute tu, ulione kwa macho, ujue ni hilo.

Ongeza na hili kama unatumia kompyuta ya Windows: bofya materiali kwa kitufe cha kulia kwenye In Model, kuna neno Area. Linakupa eneo lote lililovaa ngozi hiyo. Nilipojifunza hilo niliacha kukisia bati. Eneo la paa likitoka nusu ya unalolitarajia, umekwisha kupata habari yako kabla ya lori.

Shikamoo mwalimu. Ni mwanafunzi wa uchoraji ramani, Mbeya. Nimebadilisha sakafu ya sebule kutoka zege kwenda marumaru, lakini mwalimu wangu amesema marumaru zangu ni kubwa kama mlango na hakuna duka linalouza. Kwenye picha niliyoipakua zinaonekana za kawaida. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Mbeya*

Marahaba. Mwalimu wako amekutendea jema, na jibu lake ni fupi.

Picha uliyoipakua haina sentimita. Ni vinukta tu. Programu imeibandika kwa ukubwa ilioukisia, na kazi ya kusema ukubwa wa kweli ni yako. Kwanza hesabu kwenye picha yenyewe kuna marumaru ngapi kwa upana. Kama kuna nne, na unataka za 60 kwa 60, basi picha nzima ina upana wa sentimita 240. Hicho ndicho unachoandika kwenye Edit. Wengi huandika 60 na kupata marumaru za sentimita 15, kwa sababu wamesahau kwamba picha imebeba zaidi ya moja. Wewe umekwenda upande wa pili.

Halafu fanya hesabu ya fundi. Sebule ya mita 4.2 kwa 3.6 inachukua marumaru 7 kwa upande mmoja na 6 kwa mwingine, jumla 42, bila kukata hata moja. Maboksi mengi ya 60 kwa 60 yana marumaru 4, kwa hiyo ni boksi 11, na ukiweka za kuvunjika ni 12. Sasa badili iwe 40 kwa 40: upande mmoja unakuwa na 10 na nusu. Ile nusu inabidi iende mahali, na mchoro wako unapaswa kuonyesha imekwenda wapi. Iweke chini ya kabati au ukutani nyuma ya sofa, usiiweke mlangoni ambapo kila anayeingia ataikanyaga. Sogeza teksicha kwa pini nyekundu mpaka marumaru nzima ianzie kizingitini. Mchoro wako ukifanya hivyo, fundi atakuheshimu kabla hajakuona.

Asalaam aleikum, na shikamoo bibi. Niko Unguja, tunapima na kuchora nyumba za zamani za Mji Mkongwe, natumia Blender, programu nyingine ya kuchora. Kuta zangu zote zilikuwa na rangi ya chokaa tupu. Nimeweka picha za mawe ya matumbawe nilizopakua na mambo mawili yamenishinda. Nikibadilisha ukuta mmoja, kuta zote 14 zinabadilika. Na mawe yenyewe yanaonekana yamezama ndani badala ya kutokeza, halafu yanang'aa kama plastiki ya ndoo. Nisaidie.
*Mchoraji kijana, Unguja*

Waalaikumu salaam, na marahaba mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu nikiwa mtoto nimelala chini ya boriti za nyumba kama hizo kwa bibi yangu, mtaa wa Malindi, na nilikuwa nikizihesabu mpaka usingizi unanichukua.

Kuta 14 kwanza. Kando ya jina la materiali kwenye Blender kuna namba ndogo. Kwako bila shaka ni 14. Namba hiyo inasema ni vitu vingapi vinavyotumia materiali ile. Ukiibofya, ukuta uliouchagua unapata nakala yake mwenyewe, na ukibadilisha hiyo nyingine zinabaki. Namba isipoonekana, au ukibofya na bado kuta zote zinafuatana, ina maana ulizinakili kwa Alt na D. Nakala za namna hiyo zinagawana umbo moja, na materiali imekaa kwenye umbo. Kwenye nafasi ya materiali kuna chaguo lililoandikwa Data. Libadilishe liwe Object kwa ukuta unaoutaka, kisha uchague materiali yake, na ngozi itakaa kwenye ukuta huo badala ya kukaa kwenye umbo. Umeona ni jambo lile lile la fundi wa Keko? Programu nyingine, maneno mengine, swali moja: ngozi imekaa juu ya nini.

Na siku ukitaka kinyume chake, chokaa ya zamani ibadilike kuwa chokaa mpya katika nyumba nzima kwa mara moja, usipite ukuta kwa ukuta. Kwenye Outliner, ile orodha ya vitu vilivyomo, chagua mwonekano wa Blender File, tafuta materiali ya zamani, bofya kwa kitufe cha kulia, na kwenye ID Data kuna Remap Users. Unaiambia: wote waliokuwa wakitumia hii, sasa watumie ile. Kisha ipe ya zamani alama ya ngao kama unataka kuitunza, kwa sababu materiali isiyotumiwa na kitu chochote Blender huitupa faili likihifadhiwa na kufungwa.

Mawe yaliyozama. Seti uliyopakua ina picha kadhaa: moja ya rangi, moja ya ukwaruzo (Roughness), na moja ya kizambarau na bluu inayosema uso umeinama wapi. Hiyo ya zambarau huandikwa kwa desturi mbili, moja ya OpenGL na moja ya DirectX, na tofauti yao ni kwamba kijani kimegeuzwa juu chini. Blender inasoma ya OpenGL. Ukiipa ya DirectX, mwanga wa juu unasomwa kama wa chini, na jiwe lililotokeza linakuwa shimo. Tazama majina ya mafaili, mara nyingi yameandikwa GL au DX mwishoni. Kama una ya DX tu, geuza chaneli ya kijani peke yake na mawe yatatoka nje.

Mng'ao wa plastiki una sababu mbili. Ya kwanza, picha ya ukwaruzo na ile ya zambarau ni vipimo, siyo rangi. Kwenye kila moja badili sRGB iwe Non-Color, la sivyo Blender itazirekebisha kama picha za kutazamwa na vipimo vitapotoka. Picha ya rangi peke yake ndiyo ibaki sRGB. Ya pili, jiwe la matumbawe na chokaa vinafyonza mwanga, havirudishi. Kama huna picha ya ukwaruzo, weka Roughness 0.9 na Metallic sifuri, usiogope kwamba ukuta utaonekana umekufa. Ukuta wa chokaa haung'ai. Unawaka kwa weupe wake, na hilo ni jambo jingine.

Lakini, mjukuu wangu, nina neno juu ya mawe yenyewe. Kuta zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, na zikapigwa lipu ya chokaa nje na ndani. Jiwe halikukusudiwa kuonekana. Lipu ndiyo inayolinda ukuta na mvua na hewa ya chumvi, na jiwe likionekana, mara nyingi ni kwa sababu lipu imeanguka na ukuta unaumwa. Ukivua chokaa kuta zote 14 kwenye mchoro, mwenye nyumba ataona picha na kumwambia fundi abomoe lipu ili nyumba ifanane na hoteli aliyoiona mahali. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na mchoro wako unaweza kuwa karatasi ambayo watu wataishika miaka 50 ijayo kujua nyumba ilikuwaje. Kwa hiyo chora kilichopo. Ukuta wenye lipu, uvike chokaa. Pale lipu ilipoanguka, onyesha jiwe, kwa ukubwa ule ule wa kidonda. Blender inakuruhusu kuchanganya ngozi mbili juu ya uso mmoja kwa kupaka picha nyeusi na nyeupe inayosema wapi ni hii na wapi ni ile.

Na teksicha usizipakue. Uko Unguja! Jiwe ulilolipakua limepigwa picha sijui bahari gani. Toka asubuhi yenye mawingu, jua likiwa limefichwa ili kivuli kisigande kwenye picha, simama mbele ya ukuta uso kwa uso, kamera isiinamishwe, na weka futikamba ukutani kwenye picha moja ili ujue sentimita zake. Nyumbani ifungue kwenye GIMP, programu ya kurekebisha picha, isogeze kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, mishono itakuja katikati, izibe kwa brashi ya kunakili. Ukuta ule utajirudia bila mtu kuona ulipoungwa. Boriti nazo zipige picha kila moja na urefu wake, maana vyumba vile havizidi sana mita 3 kwa upana kwa sababu mkoko hautoi mti mrefu zaidi wa kubeba dari ile, na ukizivika zote teksicha moja, zitaonekana mabomba ya plastiki hata ukipatia ukwaruzo.

Habari yako dada. Faili yangu ya nyumba moja tu ya vyumba vitatu imekuwa nzito, laptopu inakwama nikigeuza modeli. Nimejaribu materiali nyingi ili mteja achague. Nitafanya nini bila kuanza upya?
*Msomaji, Nakuru*

Nzuri, ndugu. Zile ngozi ulizojaribu na kuziacha bado zimo ndani ya faili, kila moja na picha yake. Hifadhi nakala kwanza, kisha fanya Purge Unused kama nilivyomweleza msomaji wa Mwanza. Wengi hupona hapo.

Zilizobaki, zitazame ukubwa. Picha ya vinukta 4096 kwa 4096 inachukua megabaiti 64 kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikishafunguliwa, hata kama faili lake la JPEG lilikuwa dogo. Ya 1024 kwa 1024 inachukua megabaiti 4. Ukuta wa mbele ambao mteja atauona akiwa karibu unastahili picha kubwa. Kitasa, mto wa sofa na bati linaloonekana kutoka barabarani havistahili. Toa hizo picha, zipunguze kwenye GIMP, zirudishe kupitia Edit kwa jina lile lile la materiali. Sentimita ulizoandika zikaguliwe mara moja baada ya kurudisha, halafu geuza modeli uone.